Uchovu wa Rutayisire

Siku kiwanda cha maziwa cha Mudende kilipopata tuzo ya jibini bora, wafanyakazi walikusanyika uani na makoti yao meupe na mabuti ya mpira, wakiimba. Ukungu ulikuwa umeshapanda na mlima Karisimbi ulionekana mpaka kileleni, jambo lisilotokea kila siku. Soda zilipangwa mezani. Wafugaji walioleta maziwa asubuhi hawakutaka kuondoka. Walisimama kando na madebe yao matupu, wakingoja kumsikia mkurugenzi. Lakini mkurugenzi hakuonekana.

Aliyemkuta ni Byiringiro, msimamizi wa jibini. Alikuwa ameingia chumba cha baridi kuchukua jibini moja kubwa la kukatia wageni, akamwona Rutayisire ameketi juu ya kreti iliyofudikizwa, katikati ya vichanja, amevaa suti yake mpya, mikono juu ya magoti. Halii, halali, haongei kwa simu. Ameketi tu.

"Bosi, watu wanakungoya kule inje," Byiringiro alisema. "Uko unafanya nini huku kwa baridi?"

"Nakuja."

Hakuinuka. Byiringiro alisubiri, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Ni miguu? Inauma?"

"Miguu ni mizima," Rutayisire alijibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa habari za barabara. "Natafuta sababu ya kuinuka, Byiringiro. Natafuta, siioni."

Byiringiro alivua koti lake zito, akamfunika bosi wake mabegani, kisha akavuta kreti nyingine akaketi karibu naye. Nje nyimbo ziliendelea, zikapungua, zikanyamaza. Baadaye ndipo alipotoka kwenda kumwita Gatesi, naibu mkurugenzi, mwanamke asiyebabaika. Gatesi alichungulia mara moja, akafunga mlango taratibu, akaenda mbele ya watu akawashukuru wafugaji na kuwaambia mkurugenzi amepatwa na kizunguzungu. Kisha akampigia simu Ingabire, mke wa Rutayisire, kule mjini Gisenyi.

Basi, huyu Rutayisire alikuwa mtu wa namna gani? Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu, mkavu, ambaye watoto wa kijiji waliacha kucheza alipopita. Mwanawe alipoleta matokeo yake ya kwanza, akiwa wa pili darasani, mzee aliyatazama, akayarudisha. "Wa pili ni nafasi ya wenye nchi," alisema. "Wewe ni mgeni. Mgeni akiwa wa pili hawamwoni." Tangu hapo Rutayisire hakuwa wa pili tena. Vita vilipokwisha na familia ikarudi Rwanda, aliingia shule asiyoijua, kati ya watoto waliocheka Kinyarwanda chake chenye lafudhi ya Kiswahili, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mbele yao. Alipata ufadhili wa serikali, akasomea uhandisi wa vyakula, akaenda ng'ambo, akarudi na shahada mbili.

Kiwanda cha Mudende alikabidhiwa kikiwa kinapumulia puani. Maziwa yalichacha njiani, wafugaji walikuwa wameanza kuyamwaga au kuwapa ndama. Rutayisire alikishika kama mtu anayeshika mwana wa mwisho. Alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu na kuondoka wakati mfanyakazi wa mwisho ameshazima taa. Alijua majina ya wafugaji hadi Cyanzarwe na Kanzenze. Alipoambiwa apumzike alicheka. Wenye kiwanda walimsifu kwamba hachoki, na yeye akaamini kwamba hachoki, kama mtu anavyoamini urefu wake.

Ingabire ndiye aliyekuwa ameona. Yeye alifundisha hesabu katika shule ya sekondari mjini, na kwa kazi ile alikuwa amezoea kumtambua mtoto anayeandika majibu sahihi huku haelewi tena anachoandika. Aliona mumewe akila bila kujua anakula nini. Alimwona anafika nyumbani, anazima gari, na kubaki ndani yake langoni, mikono kwenye usukani, mpaka binti yao Isimbi atumwe kumgongea kioo. Aliona hakasiriki tena, hata kwa mambo ya kukasirisha, na hilo lilimwogopesha kuliko hasira. Alipomuuliza, alijibiwa, "Ni kazi tu." Kazi ikawa ni jina la kila kitu.

Siku ile ya tuzo alipomleta nyumbani, alimvua viatu kama mtoto, akamlaza. Rutayisire alilala mchana kutwa, akaamka amechoka vilevile.

"Kuna mama mmoja, anaitwa Saidati," Ingabire alimwambia. "Ni mwanasaikolojia. Mwalimu mwenzangu alienda kwake baada ya kufiwa."

"Mimi sijafiwa na mtu. Na si kichaa."

"Najua si kichaa. Umechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nimekutazama ukilala, Papa Isimbi. Unalala kama mtu aliyebeba gunia."

"Watu wataniona nikiingia."

"Wakuone," alisema Ingabire. Kisha sauti ikamlegea. "Wakuone unaingia huko, kuliko nije nikukute siku moja umekaa penye baridi na huniitikii tena."

Hapo Rutayisire akageuza uso. Kuna msemo wa Kinyarwanda kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Ya kwake yalikuwa yametiririka huko miaka mingi, na tumbo limejaa.

Chumba cha Saidati kilikuwa juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Mbugangari, na cherehani za mafundi wa chini zilisikika kupitia sakafu. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa biashara ya vitambaa katika mtaa uleule. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kupanda ngazi na kufungua mlango wa namna nyingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amejitanda mtandio wa zambarau, na amevaa miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso kila alipotaka kusikiliza, kana kwamba macho yalimzuia.

"Bon. Karibu, keti pale unapotaka," alisema. "Iko maji, iko na leso. We unataka tuongee lugha gani? Kinyarwanda? Kifaransa mi nasema, Kingereza kidogo."

Rutayisire alikuwa tayari kusema Kinyarwanda. Lakini alisikia Kiswahili chake, Kiswahili cha mpakani kilichochanganyika na cha Goma, upande wa Kongo, na kitu kikamgusa.

"Kiswahili," alisema, akajishangaa.

"Tiens! We Kiswahili yako ni ya Tanzania. Ya vitabu." Alitabasamu. "Yangu utaivumilia."

Wenyewe hawakupanga, lakini ndivyo ilivyobaki mpaka mwisho. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya mkutano, ya heshima, ya mwanamume kujikaza mbele ya wakwe. Kiswahili ndicho alichopigia kelele mpirani, akakiotea ndoto, akakililia alipoanguka kwenye mti wa mpera akiwa hajaanza shule. Katika lugha ile hakuwahi kuwa mkurugenzi.

"Niambie," Saidati alisema, akipandisha miwani. "Mara ya mwisho we ulifurahi, ilikuwa lini?"

Rutayisire alifikiri. Akaeleza jinsi walivyovuka lengo la maziwa msimu wa mvua, jinsi hoteli za ufukweni zilivyoanza kununua siagi yao, jinsi mtambo mpya ulivyofungwa kabla ya wakati. Alieleza vizuri, kwa mpangilio. Saidati alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni habari ya fabrike, ya kiwanda," alisema. "Nzuri sana. Mi niliuliza habari ya we. Kwani we ni maziwa?"

Cherehani za chini ziliunguruma na kunyamaza. Rutayisire akatambua kwamba hakuwa amejiuliza swali hilo kwa muda asioukumbuka.

Saidati aliuliza mengine, bila haraka. Usingizi, chakula, mwili. Kisha, kwa sauti ileile aliyoulizia chakula, akauliza kama amewahi kuwaza kufa.

"Kujiua, hapana," Rutayisire alisema, akitazama leso zilizo mezani. "Ila kuna asubuhi naamka, nasikitika kwamba nimeamka."

Alingoja ashtuke. Saidati hakushtuka. Alisogeza kiti kidogo mbele. "Asante ulivyosema. Hiyo ni mzigo, na mutu hapashwi kuibeba peke yake. Ikizidi, ikigeuka kuwa mpango, unaniita, unamwambia Mama Isimbi, saa yoyote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Ni ugonjwa gani?"

"Iko mambo mbili zimeshikana. Moja ni kazi imekula mutu mpaka ndani. Ya pili, Wafaransa wanaita depresio, Kinyarwanda tunasema huzuni iliyozidi. Kwenu Tanzania wanasemaje?"

"Sonona," Rutayisire alisema. Alikuwa amelisoma mahali, hakuwahi kulitamka. Lilimtoka polepole.

"Sonona," Saidati alirudia. "Bon. Sasa tunajua jina lake. Inatibika."

Alimtuma kwa daktari, akapimwa damu, akapewa vidonge na likizo ya ugonjwa. Kiwanda kikabaki mikononi mwa Gatesi. Na hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo Saidati baadaye alipenda kumtania nayo, kwa maana Rutayisire alishika tiba kama alivyoshika kila kitu. Aliambiwa atembee kando ya ziwa bila kusudi, atazame maji, arudi. Yeye akatembea kwa kasi, akapanga njia, akaongeza umbali kila siku. Aliambiwa afanye jambo moja la kumpendeza. Akachagua kupika, akanunua sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, akazikaanga mara nne mpaka zikatoka sawasawa, akaipa familia nzima maelezo. Wiki ya tatu alifika kwa Saidati amenyoa vizuri, ameketi wima.

"Yote uliyoniagiza nimefanya," alisema. "Na ya ziada. Nadhani maendeleo yangu ni mazuri kuliko wengi."

Saidati alimtazama, akaanza kucheka, kicheko kilichomtikisa mabega.

"Ruta! Umekuja kutafuta namba ya kwanza mpaka kwa wagonjwa?"

Rutayisire alikasirika. Kisha kitu kikampanda kifuani, akaona mwenyewe, na yeye akacheka. Ilikuwa sauti yenye kutu. Ingabire, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi akisahihisha mitihani, aliisikia kupitia mlango, kalamu ikasimama hewani. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu Isimbi anajifunza kutembea.

"Wiki hii," Saidati alisema, akijifuta macho, "nataka ufanye kitu kimoja vibaya. Vibaya kabisa. Halafu ukiache hivyo."

Basi alichora. Isimbi alimpa rangi zake, wakaketi barazani, na mkurugenzi wa kiwanda akachora ng'ombe aliyefanana na meza. Isimbi alimtazama ng'ombe yule kwa huruma kubwa. "Si vibaya sana, papa," alisema, akamwekea mkono begani. Rutayisire alitaka kumrekebisha pembe. Akaacha.

Lakini maradhi hayatoki kwa mstari ulionyooka. Siku moja alipata habari kwa njia za wafanyakazi kwamba jokofu kubwa limekufa na maziwa ya asubuhi yako hatarini. Hakumwambia mtu. Alipanda gari akaenda Mudende mbio, moyo ukimdunda, akihisi, kwa mara ya kwanza baada ya muda, kwamba ana kazi ya kufanya. Alipofika langoni mikono ikaganda kwenye usukani. Hakuweza kufungua mlango. Aliwaona watu wakipita na mapipa, wakiitana, wakikimbia bila fujo. Gatesi akaja mwenyewe, akainama dirishani, jasho likimtiririka.

"Tumeshayaokoa," alisema. "Tulikodi gari la baridi. Byiringiro amegeuza mengine kuwa mtindi." Akamtazama vizuri, uso ukabadilika. "Bosi wangu, rudi nyumbani. Tafadhali. Tuko sawa."

Alisema kwa wema. Lakini neno lile, tuko sawa, lilimchoma Rutayisire kuliko tusi. Siku zilizofuata alirudi kitandani, akaacha kutembea, akasahau vidonge makusudi. Ingabire alimsihi, akanyamaza, akalia jikoni maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikike, akarudi akamsihi tena. Mwishowe Rutayisire alikwenda kwa Saidati kwa sababu ya yale maji. Alikuwa ameyasikia, na alielewa yalifunguliwa kwa nini.

"Kama kiwanda kinakwenda bila mimi," alimwambia Saidati, "mimi ni wa nini?"

Saidati alipandisha miwani.

"Hiyo swali si ya leo," alisema. "Ni ya zamani sana, naisikia. Nani alikufundisha kuiuliza?"

Rutayisire alimweleza habari ya baba yake na nafasi ya pili. Alieleza kama mtu anayesimulia jambo la kujivunia, na katikati ya maelezo fahari ikamwishia. Mzee alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, amezikwa Mudende, si mbali na kiwanda. Rutayisire hakuwahi kumwona amepumzika. Hakuwahi kumwona ameketi mchana.

"Na mama yako?" Saidati aliuliza. "Yeye anajua kwamba unaumwa?"

"Nimemwambia ni mgongo."

"Ah bon. Mgongo."

Mama yake, Mukandutiye, aliishi Mudende katika nyumba aliyoijenga mzee waliporudi, na ng'ombe wake wawili na shamba la viazi. Rutayisire alikwenda Jumapili baada ya misa. Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Alimwamkia kwa heshima, akapewa kibuyu cha maziwa yaliyoganda, akaketi. Mama hakuuliza mgongo unaendeleaje.

"Umekonda," alisema.

"Mama, si mgongo."

"Najua si mgongo. Mgongo hauzimi macho ya mtu." Aliendelea kuchambua. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nikisema kabla, ungekimbia."

Rutayisire akamweleza, kwa maneno machache, kwa kuwa kwa Kinyarwanda maneno ya jambo lile yalimkwama. Alisema amekuwa akienda kwa mtu. Alisema anameza dawa. Alitarajia maombi, au kulaumiwa, au jina la jirani anayemwonea wivu. Mama aliweka ungo chini.

"Unakumbuka tulipokupeleka kwa shangazi yako Bugene? Ulikuwa hujang'oka jino la kwanza."

"Nakumbuka. Shule ilikuwa karibu na kwake."

"Shule ilikuwa karibu nasi vilevile." Mukandutiye alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. "Baba yako alilala. Hakuwa na homa. Aligeukia ukuta, akaacha kuongea. Msimu mzima wa maharage, tangu kupanda mpaka kuvuna, nililima peke yangu, nikirudi namwosha, namlisha kwa kijiko. Watu wakija kumtazama tulisema malaria. Ilikuwa malaria ndefu kuliko zote Karagwe."

Rutayisire alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Baba?"

"Baba yako. Alikuwa na umri kama wako wa sasa, pengine pungufu. Walimnyima ualimu mkuu kwa sababu ni mkimbizi, na alikuwa bora kuliko wote. Akasema, nimekimbia maisha yangu yote na nimefika papo hapo. Akajilaza."

"Nani alimponya?"

"Hakuna." Alitikisa kichwa. "Siku moja aliinuka, akaoga, akaenda shuleni, na hakulitaja tena jambo lile, wala mimi sikulitaja. Niliona furaha kwamba ameinuka. Nilikuwa kijana, nikadhani kuinuka na kupona ni kitu kimoja. Lakini tangu siku ile hakuketi mchana, mwanangu. Aliogopa akiketi hatainuka. Na wewe ulipoanza shule akakuambukiza mbio zake. Nilikuwa nasikia anakuambia yale maneno ya wa kwanza na wa pili, nanyamaza. Nilidhani ndiyo malezi ya kiume."

Kuku aliingia jikoni, akatazama huku na huku, akatoka. Rutayisire alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Mama alisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akampokea kile kibuyu, akaviweka viganja vyake vigumu, vyenye harufu ya maharage mabichi, juu ya mashavu ya mwanawe mwenye mvi masikioni.

"Basi wewe usiharakishe kuinuka," alisema. "Pona kwanza. Kama utalala msimu mzima, lala. Nitakuja nikulimie."

Na yale machozi yaliyozoea kuelekea tumboni yakapata njia nyingine. Alilia kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, bila kujizuia, mwili mzima ukitikisika, na Mukandutiye hakumwambia nyamaza. Alimpapasa kichwa, akimwita kwa jina la utotoni ambalo hata Ingabire hakulijua.

Kule kwa Saidati, alipoyasimulia, yalimchukua saa nzima. Saidati alivua miwani kabisa. "Donc," alisema kwa upole, "baba alikuwa mugonjwa, akakupenda na ugonjwa wake. Ni hiyo alikuwa nayo." Rutayisire aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza alimhurumia baba yake, na ajabu ni kwamba huruma ile, ilipokwisha kumfikia mzee, ilibaki nyingine kidogo ikamfikia na yeye.

Kazi haikuishia hapo. Aliendelea kupanda ngazi za duka la vitambaa miezi mingi. Vidonge alivimeza hadi daktari alipovipunguza. Kulikuwa na asubuhi nzito ambazo Ingabire alimletea chai kitandani na kuketi tu ukingoni, wasiseme neno, mpaka kengele ya shule imwite. Kulikuwa na nyingine alizoamka akasikia ndege wa bustanini kabla ya kukumbuka kwamba ana wasiwasi.

Aliporudi kiwandani, alirudi kwa nusu siku. Aliwaita watu wote uani. Safari hii hakuvaa suti.

"Gatesi aliwaambia nilipatwa na kizunguzungu," alisema. "Alinisitiri, namshukuru. Lakini nilikuwa na ugonjwa unaoitwa sonona, na bado natibiwa. Nilifanya kazi mpaka kazi ikanimaliza, na niliwafundisha ninyi kufanya vivyo hivyo, nikaita bidii. Samahani kwa hilo. Kuanzia sasa Gatesi ataongoza uzalishaji, na si kwa muda."

Wengine walitazama mabuti yao. Kisha Byiringiro, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema kwa sauti, "Bosi, karibu nyumbani," na watu wakapiga makofi, si ya shangwe, ya taratibu, kama mvua inayoanza. Baadaye, wakigeuza jibini vichanjani, mfanyakazi mmoja mwanamume, mpole, asiyezungumza sana, alimsogelea akamuuliza bila kumtazama kama yule mama wa Mbugangari anapokea mtu yeyote. Rutayisire alimwambia ndiyo, na kama angependa, wangeshuka pamoja.

Wenye kiwanda hawakufurahi wote. Mmoja alisema mkurugenzi hafai kusema mambo kama yale mbele ya wafugaji. Walikuwa wamepanga kumpa usimamizi wa kiwanda cha pili, upande wa kusini, wakampa mwingine. Rutayisire aliposikia, alingoja maumivu ya zamani. Yalikuja, yakakaa siku mbili tatu, yakapungua. Alimwambia Ingabire wakiwa wanatembea ufukweni, polepole kama wazee, viatu mkononi.

"Umeumia?" aliuliza Ingabire.

"Kidogo. Lakini leo nilikula mchana na nikajua nakula nini."

"Ulikula nini?"

"Viazi na mchicha wa dodo. Chumvi ilizidi."

Ingabire alicheka, akamshika mkono hadharani, jambo ambalo watu wa umri wao Gisenyi hawalifanyi sana.

Wiki iliyofuata gari la maziwa liliharibika njiani kutoka Kanzenze wakati Rutayisire anavaa koti aondoke. Simu ziliita. Alimtazama Gatesi, na Gatesi akamwonyesha mlango kwa kidevu. Aliendesha kuteremka mjini, moyo ukimvuta nyuma kwenye kila kona, jua bado juu ya ziwa, akaingiza gari langoni, akazima, akashuka mara moja. Isimbi alikuwa akiruka kamba uani na sare ya shule. Alipomwona alisimama, kamba ikamwangukia miguuni. Alitazama jua, akamtazama baba yake, wasiwasi ukamjaa usoni.

"Papa," alisema kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie, "wamekufukuza kazi?"

"Hapana, mama. Nimekuja nyumbani tu."

Isimbi alilipima jibu lile. Kisha akaokota kamba, akampa ncha moja.

"Basi shika," alisema. "Zungusha. Usiende haraka."

Akashika, akazungusha.